Siki inamaliza ganda la yai, soda inaliacha na madoa: ukali wa asidi sio kila kitu

Jaribio lenyewe wengi mnalijua, unatumbukiza yai bichi kwenye glasi ya siki, mapovu yanaanza papo hapo, unaliacha mpaka kesho, kesho yake ganda hakuna, umebaki na kitu laini kinachobonyea ukikishika na kiini unakiona kwa ndani ukilimulika na tochi ya simu. Mpaka hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale mtu anapouliza mbona soda nyeusi ya kola, ambayo ukipima pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umepanda) inalingana tu na ya siki, haifanyi hivyo, yai linashinda humo na kulala humo linatoka limebadilika rangi tu na ganda lake liko pale pale? Na ndimu je? Na maji ya betri ambayo kila mtu anayaogopa, hayo si ndio yatalimaliza kwa dakika moja?

Jibu la haraka utakalopewa ni kwamba asidi kali inayeyusha sana na asidi dhaifu inayeyusha kidogo, na hilo jibu ndo linalowapoteza watu, maana siki ni asidi dhaifu kabisa na ndo inayoshinda hapa, wakati maji ya betri ni asidi kali kwelikweli na kwenye ganda la yai yanaishia njiani. Kuna mambo matatu ya kuangalia: asidi iliyopo ni kiasi gani kwa jumla, chumvi inayozaliwa inayeyuka au haiyeyuki, na hewa inayotoka ina pa kwenda au haina. Ukali unafuata nyuma.

Tuanze na ganda. Yai la kawaida lina gramu 60 hivi, ganda lake peke yake gramu 5 mpaka 6, na karibu lote, asilimia 95 hivi, ni kalsiamu kabonati. Ni kitu kile kile kilichoko kwenye mawe ya chokaa, kwenye jiwe la marumaru (jiwe lenyewe, sio tailizi za dukani), kwenye mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar na za Lamu, na kwenye ule ukoko mweupe unaoganda chini ya birika kama maji yenu ni ya kisima. Asilimia ndogo inayobaki ni magneziamu kidogo, fosfeti kidogo, na protini zinazoshikilia zile fuwele pamoja. Unene wote ni theluthi moja ya milimita hivi, na umetobolewa vitundu maelfu na maelfu vya kupitishia hewa kwa ajili ya kifaranga. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema siki inalainisha ganda, hapana, hailainishi chochote, inaliondoa. Kile laini unachokishika mwisho wa mchezo hakikuwa ganda toka mwanzo, tutakifikia.

Asidi yoyote ikiwa kwenye maji inaachia ioni za haidrojeni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji ya umeme, hizo ndo zinafanya kitu kiwe kichachu na hizo ndo pH inazipima. Ioni ya haidrojeni ikikutana na kabonati ya kwenye ganda inaing'ang'ania, kabonati inageuka bikabonati. Ikija ioni ya pili inakuwa asidi kaboniki, na asidi kaboniki haina uvumilivu, inavunjika inakuwa maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, ndo yale mapovu. Kalsiamu iliyokuwa imefungwa kwenye ganda imebaki peke yake, inaingia kwenye maji pamoja na kile kipande cha asidi kilichoachwa baada ya haidrojeni kuondoka. Kwenye siki hicho kipande kinaitwa asetati, kwa hiyo mwisho wa siku glasi yako ina maji, kalsiamu asetati na siki iliyobaki, ganda limegeuka chumvi iliyoyeyuka huwezi kuiona.

Hewa kutoka sio jambo dogo. Mmenyuko huu una uwezo wa kurudi nyuma kama vitu vyote vingebaki pale pale, lakini kaboni dayoksaidi ikishapanda juu na kupasuka imeshaondoka, hairudi tena kulipa ganda kabonati yake. Ndo maana glasi iwe wazi. Nimeona watu wanafanya hili jaribio kwenye chupa ya plastiki wanaifunga kizibo eti harufu ya siki isisambae, jamani, gramu 5 za kabonati zikiisha zote zinatoa hewa zaidi ya lita moja, lita moja na robo hivi kwa joto la kawaida la chumbani, ndani ya kachupa ka nusu lita hiyo itatafuta pa kutokea. Na kwa sababu hewa ni nyepesi, mapovu yakijishika kwenye ganda kwa wingi yai linapanda, yakifika juu yanapasuka upande mmoja yai linageuka, linashuka, linaanza upya. Watoto wakiona yai linajigeuza lenyewe wanapiga kelele, mi naona hiyo ndo sehemu nzuri kuliko hata ganda kuisha.

Haya sasa twende kwenye hesabu, msikimbie ni fupi. Kemia inasema kila kabonati moja inahitaji ioni mbili za haidrojeni, maana yake molekuli mbili za asidi asetiki. Ukiibadilisha kuwa uzito, gramu 5 za kabonati zinataka gramu 6 za asidi asetiki. Siki ya dukani ya kawaida ni asilimia 5 asidi, yaani kwenye mililita 100 una gramu 5, kwa hiyo kwa yai moja unahitaji siki mililita 120 kwa uchache, na hapo ni mpaka tone la mwisho litumike, kitu ambacho hakitokei vizuri. Ukiweka robo lita uko salama. Ukiweka siki ya kufunika nusu ya yai kwenye bakuli halafu ukalalamika kwamba imegoma, haijagoma, imeisha. Na kuna siki nyingine za bei rahisi ni asilimia 4, soma lebo.

Sasa swali la udhaifu. Siki tunaiita asidi dhaifu kwa sababu molekuli zake nyingi mno zimekaa na haidrojeni zao, hazijaziachia, ukichukua siki ya dukani ni chini ya molekuli moja kwa kila 100 ndo imeachia. pH inahesabu hizo zilizoachiwa tu. Lakini ganda halichukui zilizoachiwa peke yake. Fikiria duka la Mangi, kwenye shelfu ya mbele kuna sabuni nne tu, lakini stoo nyuma kuna maboksi, wateja wakichukua zile nne anaingia anatoa nyingine, shelfu inabaki na sabuni nne mpaka stoo ikauke. pH ni shelfu. Ganda linanunua mpaka stoo. Ndo maana vimiminika viwili vinaweza kuwa na pH moja halafu kimoja kikamaliza ganda na kingine kikaishia kulichafua.

Na hapo ndo soda inaponaswa. Soda nyeusi ya kola inapata uchachu wake hasa kutoka kwenye asidi fosforiki, na asidi hiyo ina nguvu kuliko ya siki ukizilinganisha molekuli kwa molekuli, ndo maana kidogo tu inatosha kushusha pH mpaka 2 na nusu hivi, usawa wa siki. Lakini ni kidogo kweli, nusu gramu hivi kwa lita nzima. Siki ina gramu 50 kwa lita. Umeona pengo hilo? Ile chupa ya nusu lita ina robo gramu ya asidi, inachubua ganda juu juu, inaishiwa, basi. Kumaliza yai moja kwa soda ungehitaji kama lita 10, na hata hapo kalsiamu ikikutana na fosfeti inapenda kutulia chini au kujibandika kwenye ganda, kwa hiyo inajiwekea kizuizi yenyewe. Ile kaboni dayoksaidi ya kwenye soda nayo inatengeneza asidi kaboniki lakini hiyo ni dhaifu sana na ukishafungua chupa inakimbia. Kinachobaki ni rangi ya karameli kuzama kwenye vitundu vya ganda, ndo yale madoa.

Hapa niseme kitu kuhusu lile somo la meno, manake walimu wengi wanalitumia, unaweka yai kwenye soda, kesho linatoka la kahawia, watoto wanaambiwa mmeona meno yenu? Soda inaharibu meno, hilo halina mjadala, sukari yake na asidi yake vyote viwili. Ila yai sio ushahidi wa hilo. Jino halijatengenezwa na kabonati, limetengenezwa na madini ya kalsiamu na fosfeti, hayatoi mapovu, yanaanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na mdomoni kuna mate yanayokuja kuzimua asidi na kurudisha madini. Yai kwenye glasi halina mate. Wala hakuna mtu anayelala na soda mdomoni masaa 24. Mimi naona ni heri uwaonyeshe hilo yai kama somo la madoa, na la asidi uwafundishe kivingine.

Ndimu na limao hadithi yao tofauti kabisa. Stoo wanayo: maji ya limao yana asidi sitriki asilimia 5 au 6, na kila molekuli ina haidrojeni tatu za kutoa, ukipiga hesabu mililita 100 za limao zinakaribiana sana na mililita 100 za siki. Ukali wanao, kuizidi siki. Ukitumbukiza yai mapovu yanatoka mengi, unasema hii kazi imekwisha. Halafu baada ya muda mwendo unapungua, na ukichungulia unaona unga mweupe umetulia chini na mwingine umeshika kwenye ganda. Huo ni kalsiamu sitreti, na huyu bwana hayeyuki vizuri kwenye maji, haifiki hata gramu moja kwa lita, wakati kalsiamu asetati inayeyuka zaidi ya gramu 300 kwa lita. Kwa hiyo kwenye siki ganda likigeuka chumvi, chumvi inaondoka na kuachia asidi mpya nafasi ya kufika. Kwenye ndimu chumvi inabaki imekaa mlangoni. Ganda litaisha tu ukivumilia, ukalifuta kwa kidole na kubadilisha maji ya ndimu, ila mikono yako itafanya kazi ambayo siki inaifanya yenyewe.

Asidi salfuriki, hiyo ya betri, ndo mfano wa mwisho kabisa wa jambo hilo hilo. Waliosoma kemia sekondari watakumbuka swali lile la mtihani linalorudi kila baada ya muda: kwa nini tukitengeneza kaboni dayoksaidi maabara kwa kutumia vipande vya marumaru tunatumia asidi haidrokloriki na sio salfuriki? Jibu tulilikariri bila kulielewa. Kalsiamu ikishikana na salfeti inakuwa jasi, na jasi inayeyuka gramu 2 na kitu tu kwa lita, kwa hiyo inajijenga juu ya jiwe, inalifunika, asidi iliyobaki inazunguka nje haina pa kuingilia. Mapovu yanaanza kwa kishindo halafu kimya. Ganda la yai nalo hivyo hivyo. Na tafadhali hii muiache kwenye maelezo tu, msiende gereji kuomba maji ya betri mkajaribu, hayo yanachoma ngozi na macho na hata nguo yanaitoboa, na mshindi wake tayari mnamjua.

Haidrokloriki yenyewe ina vyote, ni kali, chumvi yake kalsiamu kloraidi inayeyuka kwa wingi mno, hewa inatoka bila shida, ganda linaisha kwa dakika badala ya masaa. Ndo asidi ya tumboni mwako hiyo hiyo, na ndo iko kwenye dawa nyingi za kusafishia vyoo na tailizi. Wenye nyumba zenye sakafu ya terazo hapa mnapaswa kukaa vizuri, manake terazo ni vipande vya marumaru ndani ya simenti, yaani kabonati tele humo ndani, fundi akikumwagia ile asidi eti ang'arishe, unaona povu linatoka unadhani uchafu unatoka, kumbe ni sakafu. Ikikauka imepoteza ung'avu na inakuwa na mikwaruzo ya kushika vumbi. Siki nayo ukiimwaga hapo kila wiki inafanya hivyo hivyo polepole.

Turudi kwenye yai letu lililovuliwa. Chini ya ganda kuna tando mbili za protini, ukimenya yai la kuchemsha ndo ile ngozi nyeupe inayokusumbua, na upande ule butu tando hizo zinaachana kidogo na katikati yake kuna kachumba ka hewa. Asidi ya siki inatafuta kabonati, protini hizi haina habari nazo sana, kwa hiyo ganda likiisha utando unabaki umelishika yai zima. Lishike taratibu, linabonyea na kurudi, ila usilirushe hata kama umeona video mtu analidundisha, likizidi urefu wa kidole kimoja linapasuka na kusafisha ute wa siki mezani ni adhabu.

Kabla hata ganda halijaisha kuna kitu utakiona kama yai lako ni la kahawia. Ile rangi imekaa tabaka za juu, kuku anaimalizia mwishoni kabisa, kwa hiyo asidi inaifikia kwanza na inabanduka, unaiona inaelea juu kama povu la kahawia au inatoka kwenye vidole ukiligusa, chini yake ganda ni jeupe. Kwa maneno mengine yai la kisasa la kahawia ukilisugua kwa siki linageuka jeupe jeupe, na mwenye nia mbaya anaweza kulipachika jina la kienyeji. Cha kuangalia ni mguso: ganda lililopitiwa na asidi linakwaruza kama chaki, halina ule utelezi wa asili, na rangi yake haiko sawasawa, kuna mabaka.

Utando ule unapitisha maji na vitu vidogo lakini protini kubwa za ute hazipiti. Ndani ya yai maji yamejaa protini na chumvi, nje kwenye siki maji ni mengi zaidi kwa kulinganisha, hivyo maji yanaingia ndani, na yai unalolitoa kesho yake ni kubwa kuliko ulilotumbukiza, unaliona kwa macho tu. Hamishia kwenye maji matupu litavimba zaidi. Hamishia kwenye asali au maji ya sukari nzito, maji yanatoka ndani yanakwenda nje, kesho unakuta kamebaki kamfuko kamesinyaa na kiini kimebaki katikati. Asidi pia inaingia humo, kwa hiyo yai hilo sio la kula, achilia mbali kwamba limeshinda bichi nje ya friji usiku kucha.

Kuku kwa upande wake anaifanya kemia hii kinyumenyume. Anachukua kalsiamu kwenye chakula na mifupa yake, gramu 2 hivi kwa yai moja, anachukua kaboni dayoksaidi iliyoko kwenye damu yake, ile ambayo angeitoa kwa pumzi, anaigeuza bikabonati na kisha kabonati, na kwa masaa 20 hivi anajenga ganda. Kwa hiyo povu unaloliona kwenye glasi ni hewa ya kuku iliyokuwa imegandishwa. Sasa wafugaji wa Dar au Mombasa wanajua miezi ya joto magamba yanakuwa mepesi, mayai yanavunjika kwenye trei, mtu anaongeza chokaa kwenye chakula na bado. Sababu ni kwamba kuku hatoki jasho, anatweta, na akitweta sana anapoteza kaboni dayoksaidi, damu inakosa malighafi ya kabonati. Kalsiamu ipo, mwenzake hayupo. Hapo banda lipate hewa na kuku wapate maji ya baridi, na wakiwa hawali vizuri kwa sababu ya joto walishwe asubuhi mapema na jioni, chokaa peke yake haitoshi. Yai la kuku wa namna hiyo ukilitia kwenye siki linawahi kuisha ganda kuliko la kuku aliyekaa kwenye ubaridi.

La mwisho ni la wenye bustani, manake nalo linazunguka sana, kwamba ponda magamba weka kwenye shina la nyanya itaacha kuoza kitako. Magamba yaliyopondwa kwa mkono kwenye udongo usio na asidi yanakaa miaka, hayana wa kuyayeyusha, utayakuta mwakani yamelala vile vile. Yakisagwa unga kabisa na udongo wako ukiwa mchachu hapo yanafanya kazi ya chokaa. Wengine ndo wanayayeyusha kwanza kwenye siki wapulizie majani, ni sawa, hiyo ni kalsiamu asetati, ingawa nyanya nyingi zinaoza kitako kwa sababu ya kumwagiliwa leo na kusahauliwa siku nne, na hilo hakuna siki ya kulitibu. Ukiamua kutengeneza, yaoshe magamba, yakaushe, yasage, weka mengi kuliko siki inavyoweza kumaliza, na chombo kisifungwe. Mapovu yakikoma na magamba bado yapo chini, asidi imetumika karibu yote. Yakikoma na magamba yameisha, bado una siki humo, ongeza magamba mengine kwanza, usiibebe hivyo ukapulizie majani yakaungua. Halafu chuja, na uichanganye na maji mengi.